Uzi: Mzigo uliokutwa kiwandani bila kuandikwa kwenye leja, na penati ya ushuru wa bidhaa iliyotufuata

Leja ya Kipawa (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Jambo hili lilitukuta Agosti na nilijiapiza kunyamaza mpaka liishe. Limeisha, kwa hiyo nalileta hapa kwa faida ya wenye viwanda vidogo, wahasibu wenzangu, na hasa nyie watunza stoo, maana nyie ndio mnaotuzamisha au kutuokoa.

Mimi ni mhasibu wa kiwanda kidogo cha juisi za chupa, pembeni ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Jina la kiwanda sitaji, msinisumbue inboksi.

Asubuhi moja katikati ya Agosti, chai hata haijashuka tumboni, mlinzi ananipigia: "Dada, kuna wageni wanne, wana vitambulisho, wanasema wamekuja kuhesabu." Nikajua. Maafisa wa ushuru wa bidhaa wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) hawana desturi ya kuomba miadi, na sheria inawapa haki ya kuingia kwenye kiwanda cha bidhaa zenye ushuru, kufungua stoo, kuhesabu na kudai vitabu. Ukiwazuia getini umeshajiongezea kosa jingine.

Wawili wakaenda stoo ya juisi. Mmoja akakaa mezani kwangu: leja, kadi za stoo, kitabu cha geti, delivari noti, ritani (taarifa ya kodi tunayopeleka kila mwezi). Wa nne, kijana mpole mpole, akaomba apelekwe stoo ya malighafi akaanza kuhesabu vizibo. Vizibo! Nilimcheka moyoni. Kufika mchana nilikuwa nimeacha kucheka. Ukijua kiwanda kilianza mwezi na vizibo vingapi, kikanunua vingapi na vimebaki vingapi, umejua chupa ngapi zimefungwa. Chupa unaweza kuificha, lakini nani anakumbuka kuficha vizibo?

Sasa kadi. Mtunza stoo wetu (kijana mzuri, simlaumu sana) alikuwa amelala na kadi tangu tarehe 21 Julai. Tarehe 12 Agosti akasikia kiwanda cha jirani kimetembelewa, basi usiku huo akakaa akajaza siku zote 23 kwa mkupuo. Yule afisa wa mezani kwangu alichukua kadi moja, akaigeuza, akapitisha kidole gumba upande wa nyuma. Akaniuliza taratibu, "Mama, huyu kijana wenu anatumia kalamu moja tu mwezi mzima?" Nikatazama. Wino ule ule, mkandamizo ule ule, mwandiko ulioanza vizuri tarehe 21 na kuchoka kuanzia tarehe 3, kama wa mtu anayesinzia. Halafu akaweka kidole kwenye mstari wa tarehe 8 Agosti: *zimeingia katoni 114*. Nane Nane. Sisi Jumapili tunafanya kazi, lakini Nane Nane mwaka huu mashine zilizimwa na bosi alitupa ruhusa wote.

Hesabu ya stoo ilipokamilika: leja inasema katoni 2,140, sakafuni zipo 2,026. Pungufu 114.

Ningetamani iishie hapo. Ila kuna chumba nyuma ya boila. Kila kiwanda kina chumba hicho, msijifanye watakatifu. Ndani yake zikakutwa katoni 386 ambazo hazimo kwenye kitabu chochote. 90 zilirudishwa na wateja. 86 ni masalia ya Sabasaba, tulipeleka kwenye banda la maonesho Julai, zikarudi na pikapu usiku, zikatupwa humo. Na 210 zilikuwa na lebo kombo, meneja uzalishaji akasema ziwekwe pembeni "tuone". Tukasahau kuona.

Bosi alipofika akauliza swali ambalo najua hata wewe unayesoma umeliwaza: "Si zinafidiana? Huku zimepungua 114, kule zimezidi 386. Mimi nina ziada ya 272, nidaiwe nini?"

Haziendi hivyo. Nieleze kwa lugha ya stoo. Ushuru wa bidhaa uko chini ya Sheria ya Ushuru wa Bidhaa, Sura ya 147, na hauangalii umeuza kwa faida au kwa hasara. Unaangalia bidhaa imetengenezwa na imetoka kiwandani. Upungufu na ziada ni mambo mawili, kila moja lina adhabu yake.

Mzigo ukipungua, ule usioonekana unahesabiwa kuwa umetoka kwenda sokoni, na ushuru wake unadaiwa hivyo hivyo, mpaka utoe maelezo ya kumridhisha Kamishna wa TRA. Na haiishii kwenye ushuru. Kama umetoka, maana yake umeuzwa. Kama umeuzwa, VAT ya 18% iko wapi? Na mapato yake mbona hayamo kwenye hesabu za kodi ya kampuni ya 30%? Upungufu mmoja, kodi tatu, na kila moja inakuja na riba inayojizidisha kila mwezi.

Mzigo ukizidi, shida inahamia kwenye mzigo wenyewe. Unaweza kutaifishwa. Juu yake kuna adhabu ya kutotunza kumbukumbu, na ukikutwa umedanganya kwenye ritani ndipo penati inapanda kweli kweli: nusu ya kodi iliyopungua kama huna sababu ya msingi, na zaidi ya hapo kama ulijua unachofanya.

Vifungu kwa namba siviweki. Toleo jipya la sheria zote, la marekebisho ya 2023, lilianza kutumika 1 Julai 2025, kwa hiyo mtu akikunukulia kifungu muulize kwanza anasoma toleo gani.

Jioni walifunga kile chumba kwa lakiri, tukasaini orodha wote, wakaondoka. Yaliyofuata nitaeleza nikipata nafasi, nina ritani ya kupeleka. Karibuni kwa maswali, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

---

Kijana wa Keko

Naweka kambi hapa. Dada swali moja tu, hizo 210 zenye lebo kombo bado zipo? Mimi hata lebo ikiwa kichwa chini nakunywa.

---

Mwenye Mashine

Hapa ndipo damu inaponichemka. Mzigo uko NDANI. Haujatoka. Mleta mada mwenyewe kasema ushuru unadaiwa bidhaa ikitoka kiwandani. Sasa juisi imekaa nyuma ya boila inaota vumbi, serikali imepoteza nini? Hata senti moja haijapotea! Halafu mnataka kuitaifisha. Sisi tumekopa benki, tunalipa umeme, tunalipa stempu, tunalipa watu, halafu mtu anakuja kukuhesabia vizibo kama mtoto anacheza gololi.

Kwetu walikuja mwaka juzi. Nilikuwa na chupa zimepasuka kwenye mashine, nimezizoa nikatupa, kosa langu ni kufanya usafi. Nikaambiwa nithibitishe kuwa zilipasuka. Nithibitishe na nini, vigae?

---

Mzee wa Kufuli

Mwenye Mashine, tulia mwanangu, unywe maji.

Mimi nilianza kazi wakati TRA haijazaliwa (ilianza kazi 1 Julai 1996). Tulikuwa Idara ya Forodha na Ushuru wa Bidhaa. Enzi zile kiwanda kikubwa cha bia au sigara kilikuwa na afisa mkaazi. Asubuhi unakwenda kazini kiwandani kama mfanyakazi wao, una ofisi yako na una kufuli lako. Stoo ilikuwa na makufuli mawili, moja la kiwanda, jingine la serikali. Bila mimi kufungua, hakitoki kitu. Nikiugua malaria, lori linasubiri.

Mfumo ule ulikuwa mzito na ulikuwa na majaribu yake, sitaki kuufungua hapa. Ukaondolewa. Wenye viwanda wakaambiwa: jifungulieni wenyewe, toeni mzigo mkitaka, bora muandike. Kufuli la serikali likahamia kwenye kitabu chako. Sasa mtu akiacha kuandika ni sawa na zamani angevunja kufuli langu usiku. Hata kama ndani hajaiba kitu, kufuli kavunja.

Nijibu swali lako la kwa nini mzigo ulio ndani ni tatizo. Mzigo ulioandikwa ukitoka bila ushuru utaacha pengo kwenye leja, tutauona. Mzigo usioandikwa ukitoka usiku hauachi alama yoyote, leja itabaki imenyooka. Ndiyo maana tulikuwa tunaogopa ziada kuliko upungufu. Mwenye upungufu mara nyingi ni mzembe. Mwenye ziada huwezi kujua, inawezekana ni mzembe, inawezekana umemkuta kabla lori halijafika.

Na vigae, ndiyo, unathibitisha na vigae. Unaviweka kwenye pipa, unavipima kilo, unaandika tarehe na bachi, unasaini na msimamizi wa zamu. Mzigo mkubwa wa kuharibu, unaita afisa KABLA ya kumwaga. Wengi wanamwaga kwanza halafu wanaita, sasa afisa aje atazame nini, mtaro?

---

Mtunza Stoo Tabata

Ngoja kwanza. Hivi mmesoma vizuri au mmekurupuka kujibu?

Kadi ya Nane Nane: zimeingia 114. Upungufu wa stoo: 114.

Dada Leja, hamkuwahi kupoteza katoni hata moja. Yule kijana kaandika uzalishaji wa siku ambayo mashine hazikuwaka. Leja imevimba kwa juisi ambayo haijawahi kukamuliwa!

---

Kijana wa Keko

Duh. Huyu apewe ukaguzi mkuu.

---

Leja ya Kipawa (mleta uzi)

Mtunza Stoo Tabata, Mungu akubariki. Wewe umeona baada ya saa moja, mimi nilikaa nayo siku tatu, nikaiona usiku nikiwa naosha vyombo. Niliacha sufuria kwenye povu nikaenda kumpigia bosi. Nitarudi kwenye hili, ni ndefu.

---

Binti Mizania

Naomba kuuliza, na mnisamehe kama ni swali la kitoto. Si kuna stempu za kodi za kielektroniki kwenye kila chupa siku hizi? Mashine inahesabu yenyewe kwenye laini na taarifa inakwenda TRA moja kwa moja. Sasa kadi za mkono za nini tena?

---

Mzee wa Kufuli

Siyo swali la kitoto. Stempu zilianza Januari 2019 kwa sigara, bia, mvinyo na pombe kali, baadaye soda, maji na juisi zikaingia. Lakini mashine inahesabu kinachopita chini ya jicho lake kwenye laini. Haijui kilikwenda wapi baada ya hapo. Kati ya jicho la mashine na geti kuna stoo, na stoo ni ya binadamu.

Ukitazama vizuri, stempu zimeongeza umuhimu wa kadi. Zamani afisa alikuwa na kitabu chako peke yake, ukikipika unakula naye. Sasa ana namba yake mkononi kabla hajaja, anakuja kuona kama yako inafanana.

---

Leja ya Kipawa (mleta uzi)

Mzee umenigusa penyewe. Tulidhani kuna jirani katuchongea. Bosi alikuwa ameshamshuku dereva tuliyemwachisha kazi. Kumbe hapana. Zile 210 zenye lebo kombo zilikuwa zimeshapita kwenye laini, stempu zimeshachapwa. Mashine ya stempu ikazihesabu Julai. Kitabu chetu cha uzalishaji hakikuziandika kwa sababu meneja alisema "tuone" kwanza. Kwa hiyo ritani ya Julai na hesabu ya stempu zilitofautiana chupa 5,040. Gawanya kwa 24 za katoni uone unapata ngapi.

Lebo kombo ndizo zilizowaleta.

---

Mfuko Hamsini

Mimi niko kwenye saruji, nitoe mfano wa huku maana hesabu yake inafanyika kichwani. Tangu sheria ya fedha ya 2023, saruji ina ushuru wa shilingi 20 kwa kilo, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Hesabu ya stoo ikipungua mifuko 1,500, ushuru peke yake ni 1,500,000. Ukichapwa nusu yake kwa taarifa isiyo sahihi, 750,000. Hapo VAT haijaguswa, na VAT inahesabiwa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru ndani.

Lakini kinachoumiza siyo hiyo namba. Ukaguzi ukikuta mwezi mmoja mbovu wanarudi nyuma. Sheria inataka utunze kumbukumbu miaka mitano. Maana yake afisa anayo haki ya kukuuliza ya miaka mitano, na mtunza stoo wa wakati ule yuko Tunduma anauza mitumba.

Saruji pia ina unyevu, mifuko inachanika, ukifagia stoo unapata tani nzima ya vumbi. Sisi vumbi linapimwa na kuandikwa. Watu wanatucheka.

---

Mwenye Mashine

Sawa Mzee wa Kufuli nimekuelewa, sikubaliani na wewe lakini nimekuelewa. Swali langu sasa: tathmini (barua ya kodi unayodaiwa) ikishakuja, mtu anafanyaje? Maana mimi nililipa tu yaishe.

---

Wakili wa Daladala

Ulikosea kulipa tu yaishe, kaka. Nitaeleza, na huu siyo ushauri rasmi, kila mtu na kesi yake.

Ukipokea tathmini una siku 30 za kupeleka pingamizi kwa Kamishna Mkuu, kwa maandishi, ukieleza sababu. Ila pingamizi halipokelewi mikono mitupu. Unatakiwa ulipe kiasi usichobishia, au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, kipi kikubwa. Hapo ndipo wengi wanaanguka: wanaandika barua nzuri sana, kurasa sita, nukuu za Biblia, halafu theluthi hawajalipa. Kama kweli huna, unaomba kwa Kamishna akupunguzie au akuondolee sharti hilo, unatoa sababu. Usikae kimya ukidhani umaskini wako unajulikana.

Ukishindwa hapo unakwenda Bodi ya Rufaa za Kodi, halafu Baraza la Rufaa za Kodi, halafu Mahakama ya Rufani kwa hoja za kisheria tu. Na sehemu zote hizo mzigo wa kuthibitisha uko kwako wewe mlipa kodi. Siyo kama jinai za kwenye tamthilia ambapo serikali inahangaika na wewe umekunja mikono. Wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha tathmini imezidi au imekosewa, na utaonyesha kwa karatasi. Nimeona watu wenye haki kabisa wanashindwa kwa sababu ushahidi wao ni "kila mtu pale kiwandani anajua".

Kuna na njia ya kufifilisha kosa. Yaani kama kosa ni la jinai, unakiri kwa maandishi, Kamishna anakutoza faini, kesi haiendi mahakamani. Ni njia nzuri kwa kosa ulilofanya kweli. Kwa kosa ambalo hukulifanya usiisogelee, maana ukishakiri umekiri.

Watu pia wanasubiri msamaha kama ule wa 2018 wa riba na adhabu. Ule ulitolewa kwa sheria na ulikuwa na mwisho wake. Msamaha hausubiriwi kama mvua za vuli.

---

Binti Mizania

Na sisi wahasibu? Bosi akisema "andika hivi", ukaandika, anayefungwa nani? Nauliza kwa ajili ya rafiki yangu.

---

Wakili wa Daladala

Mwambie rafiki yako akae chini.

Kampuni haina miguu ya kwenda gereza la Segerea. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inawagusa waliokuwa viongozi wa kampuni wakati kosa linafanyika, mpaka mtu aonyeshe kwamba hakuridhia na alichukua tahadhari ambayo mtu makini angeichukua. Kusaidia kosa lifanyike nako ni kosa. "Niliagizwa" haikuokoi. Barua pepe yako ya kumwambia bosi kwamba hili si sawa, ya tarehe ile ile, inaweza kukuokoa.

---

Pembe ya Pili

Nawasalimu kutoka Nairobi. Huku kwetu mambo ni yale yale, stempu zilianza 2013, na sheria yetu ya ushuru wa bidhaa ni ya 2015. Zamani zote zilikuwa mti mmoja wa Afrika Mashariki, ndiyo maana hadithi ya huyo mzee na kufuli lake babu yangu aliisimulia hivyo hivyo. Haya, endeleeni, sisi tunasoma Kiswahili safi.

---

Leja ya Kipawa (mleta uzi)

Nimerudi. Mwisho wake huu.

Barua ya tathmini ilikuja Septemba. Upungufu wa 114: ushuru, VAT, riba, na penati ya taarifa isiyo sahihi. Ziada ya 386: mzigo ushikiliwe, tutoe maelezo.

Usiku ule wa sufuria nilimwambia bosi kwamba hizo 114 hazikuwahi kuwepo. Akafurahi dakika moja, halafu akaona nilichokwisha kukiona: ili tuthibitishe hazikuwahi kuwepo, lazima tuseme kwa maandishi kwamba kadi yetu ilipikwa. Akataka tulipe tu. Kiasi hakikuwa kikubwa sana na yeye hapendi barua. Tulibishana siku mbili. Mimi nilimwambia kitu kimoja: tukilipa ushuru wa upungufu, tumekubali kwamba tuliuza mzigo kwa siri. Tukikataa, tunakubali kwamba tuna mtunza stoo mvivu. Wewe unataka faili lako liandikwe lipi?

Tukapeleka pingamizi siku ya 26, theluthi imelipwa. Na mnajua ushahidi wetu mkubwa ulikuwa nini? Vizibo. Vile vile nilivyovicheka. Orodha ya yule kijana mpole ilionyesha vizibo vilivyotumika, na katoni 114 ni chupa 2,736, na vizibo 2,736 vya ziada havikutumika popote. Tukaambatanisha na hesabu ya stempu ya tarehe 8 Agosti, ambayo ni sifuri, na tangazo la bosi la mapumziko lililobandikwa getini likiwa na muhuri. Namba zao wenyewe ndizo zilitutetea.

Upungufu ukafutwa, na ushuru na VAT yake. Adhabu ya kumbukumbu haikufutwa na hatukuomba ifutwe, ni halali yetu.

Ziada. Zile 90 zilizorudi: kitabu cha geti cha mlinzi. Mlinzi wetu anaandika kila kitu, hata "gari ya taka, dereva mlevi". Kila katoni iliyorudi aliiandika tarehe na namba ya gari, na mimi nilikuwa na hati za kumrudishia mteja hela yake. Zikapita. 86 za Sabasaba: kulikuwa na delivari noti ya kwenda, ya kurudi hakuna, lakini geti tena. Usiku saa nne na dakika kumi, pikapu nyeupe, katoni 86. Zikapita.

Zile 210 hatukuwa na la kusema. Zilitengenezwa, zikahesabiwa na mashine, sisi tukazifungia chumbani bila mstari mmoja wa kalamu, na ritani ikapelekwa bila hizo. Bosi alikiri kwa maandishi, faini ikalipwa, mzigo ukaenda.

Mwenye Mashine, najua utasema tumeonewa. Kwa zile 210 siwezi kusema hivyo. Kilichonikera mimi ni kuzunguka: barua ile ile nilipeleka madirisha matatu, kila mmoja ananiambia siyo kwake. Hilo ni la watu, sheria haikusema nizungushwe.

---

Mwenye Mashine

Siwezi kusema mmeonewa. Nitasema meneja uzalishaji wenu akatwe mshahara.

---

Mtunza Stoo Tabata

Na wa stoo msimfukuze. Mimi nilishawahi kujaza kadi za wiki mbili usiku mmoja, na niliokolewa na bahati tu. Watu wa ofisini hamjui. Zamu ya usiku inaisha saa kumi na mbili, umeme umekatika mara mbili, foklifti imekufa, paleti zimebaki laini, madereva wanapiga honi, na kadi ziko kabatini, funguo ya kabati anayo wa zamu ya mchana. Nilipoomba kadi zining'inizwe kwenye paleti zenyewe na kalamu ifungwe kwa kamba, niliambiwa stoo itaonekana kama sokoni. Walikubali baada ya ukaguzi. Kalamu kwenye kamba, kadi kwenye paleti, mzigo hausogei kabla ya mstari. Tangu hapo sijajaza kadi nyumbani.

Chenye kasoro kipewe kadi ya rangi nyingine, siku hiyo hiyo. Usisubiri meneja "aone". Andika "lebo kombo, 210", yeye ataonea kwenye kadi.

---

Leja ya Kipawa (mleta uzi)

Hatukumfukuza. Yuko. Chumba cha nyuma ya boila sasa kina kadi mlangoni, na kalamu kwenye kamba, hilo tulilifikia wenyewe hata kabla yako. Mstari wa kwanza aliuandika bila kuambiwa na mtu: tarehe, sahihi yake, na neno moja, "Tupu". Wa pili: "Fagio 2, ndoo 1". Nimemwambia fagio hazina ushuru. Kasema zikae tu.

---

Kijana wa Keko

Swali langu la mwanzo halijajibiwa.

---

Leja ya Kipawa (mleta uzi)

Zilimwagwa, Keko. Mbele ya afisa, mbele yangu, na mbele ya mlinzi aliyeandika kila katoni kwenye kitabu chake. Ladha ya embe.